Kisima cha bar 1,000: chunga joto kwanza

Ukimwambia mtu kwamba kisima kina shinikizo la bar 1,000, macho yanamtoka. Ukimwambia chini kuna nyuzi 190, anaitikia tu. Kwenye kujaribu visima, yaani kuifungulia gesi kwa muda ili kupima kisima, ingefaa iwe kinyume. Shinikizo unalijua tangu siku ya kuagiza vifaa: unachukua vya psi 15,000 (psi ni kipimo kingine cha shinikizo; hizo ni bar 1,034 hivi), unavipima, unaendelea. Joto halitulii. Linapanda na gesi, linashuka kisima kikifungwa, na kila likihama kuna kitu kinarefuka, kinavimba au kinaganda.

Kisima huhesabiwa cha shinikizo na joto kali kikivuka nyuzi 150 za Selsiasi na psi 10,000, yaani bar 690 hivi. Elgin na Franklin, maeneo ya gesi ya Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, zimevuka mbali: zaidi ya mita 5,000 chini, bar 1,100, nyuzi 190. Gesi yetu ya Songo Songo haikaribii huko, kwa hiyo aliyezoea visima vya Kilwa asiende na hesabu zilezile.

Tuanze na bomba. Chuma hurefuka milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Bomba la mita 5,000 likiongezeka wastani wa nyuzi 60 gesi ikipita, linarefuka mita 3.6. Ukilibana juu na chini, litajipinda ndani ya kesingi, lile bomba pana la nje linaloshikilia kuta za kisima. Ndiyo maana watu hupendelea pakeri ya kudumu, kizibo kinachobana kati ya bomba na kesingi, na bomba likaingia ndani yake kwa sili (vizuia uvujaji) ndefu zinazoteleza. Lakini ukija kupampu maji baridi ya kuua kisima, yaani kuizuia gesi isipande, bomba hilohilo linajivuta juu, na sili fupi zinachomoka. Piga hesabu ya pande zote mbili kabla ya kuchagua urefu.

Halafu kuna anulasi, ule uwazi kati ya bomba na kesingi. Maji yaliyofungiwa mahali pasipotanuka hupanda karibu bar 10 kwa kila nyuzi moja. Kesingi hutanuka kidogo, kwa hiyo hali halisi ni nafuu, ila si nafuu ya kumfanya mtu aache geji akanywe chai. Vali nyingi za chini huendeshwa kwa shinikizo hilohilo la anulasi, na vali ya kuzungushia maji hufunguka kisahani chake, kibati kilichoundwa kupasuka kwenye shinikizo maalumu, kikipasuka. Usipotoa maji kidogo kidogo kisima kinapopata moto, joto litakupasulia kisahani na jaribio limekwisha. Kisahani chenyewe hulegea kwenye moto. Kichague kwa joto la kina kitakapokaa, si la karakana. Kisima kikifungwa na kupoa, kazi inageuka: unaongeza.

Matope ya kujazia kisima, yaliyotiwa uzito kwa unga wa jiwe la baraiti, yakikaa siku kadhaa kwenye joto hilo, unga hushuka na kuzika pakeri. Dawa yake ni fomati ya seziamu, maji ya chumvi nzito: uzito hadi mara 2.2 ya maji, bila chembe yoyote ndani. Ni ghali kiasi kwamba hukodishwa, na kila pipa lililopotea linalipiwa.

Baruti za kutobolea kesingi ili gesi iingie nazo zina saa yake. HMX, aina moja ya baruti hizo, huvumilia nyuzi 204 kwa saa moja, lakini kwa saa 100 ni 149 tu. Kwa nyuzi 190 na bunduki (vibeba baruti) zinazoshushwa na bomba, ambazo hukaa chini muda mrefu, tumia HNS, baruti inayostahimili joto zaidi, ukubali matundu mafupi zaidi. Betri ya geji ya kushushwa chini pia usiichukulie poa: lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 180.5, na betri iliyoyeyuka inaweza kulipuka mkononi mwa fundi baadaye. Zipo za lithiamu na magnesiamu, ila hizo zikiwa baridi huzembea. Ukizijaribu juu ya rigi zikaonekana mbovu, huenda ni nzima.

Juu, mpaka ni choki, tundu jembamba linalopunguza shinikizo la gesi. Nyuma yake vifaa vya psi 15,000, mbele yake separeta, tangi la kutenganisha gesi na maji, ya psi 1,440. Saa mbaya ni ile ya kwanza, kisima kikiwa bado baridi. Kwenye bar 200, methane na maji hushikana kuwa barafu hata kwenye nyuzi 18, na barafu hiyo huziba choki, kisha huachia ghafla na kurushwa kama risasi. Anza kupampu glaikoli, kimiminika cha kuzuia barafu hiyo, kabla ya kufungua, kwenye kichwa cha kisima, si mbele ya choki. Fungua kwa tundu dogo mpaka bomba lipate moto, ndipo uongeze.

Wakati wa kushusha shinikizo, usiwe na haraka. Oringi za mpira, zile pete za kuzuia uvujaji kwenye viungo, zimekunywa gesi muda wote. Ukitoa bar mia kadhaa kwa mkupuo, gesi hiyo hutoka kwa kuupasua mpira, na ukifungua kiungo unakuta malengelenge na nyufa. Oringi iliyokwisha kuona shinikizo hilo hairudishwi, hata kama inang'aa.