Nilivyojifunza kusoma Kilatini cha mabaraza ya manori

Kilatini nilifundishwa seminari ndogo, nyumbani Tanzania, na kwa miaka mingi sikuwa na kazi nacho zaidi ya nyimbo za misa. Kisha nikaoa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba mkwe alikuwa na picha za kurasa za baraza la manori moja ya huko, nyingi za karne ya 17, ambazo zilitaja ukoo wao. Alipojua kwamba mkwe wake anasoma Kilatini, mjadala ukaisha, kazi ikawa yangu.

Manori ni eneo la ardhi lenye bwana wake na baraza lake, yaani mahakama yake ndogo. Wakulima wengi wa humo hawakuwa na hati ya umiliki kama tunavyoijua. Ushahidi wao ulikuwa ni yale yaliyoandikwa kwenye gombo la baraza, na mtu alipewa nakala yake akaihifadhi nyumbani. Ukitaka kumpa mwanao shamba, hamwandikiani sebuleni. Unakwenda barazani, unashika fimbo mbele ya msimamizi, unalirudisha shamba mikononi mwa bwana, na bwana, kupitia msimamizi huyohuyo, anampa mwanao kwa fimbo ileile. Mwana analipa kilemba, yaani ada ya kuingia shambani, anaapa utii, yamekwisha. Mtindo huu wa kumiliki ardhi ulifutwa tarehe 1 Januari 1926, kwa hiyo magombo yaliyobaki ni ya karne nyingi. Ya manori ya Wakefield, hukohuko Yorkshire, peke yake yanaanzia mwaka 1274 na kuishia 1925.

Kilatini cha seminari hakikunifikisha mbali. Sarufi niliijua, lakini karani wa manori hamalizi maneno. Herufi p ikikatwa mstari kwenye mkia ni "per". Mkia ukizungushwa kuelekea nyuma ni "pro". Alama inayofanana na tarakimu 9 mwishoni mwa neno ni "-us". Ukikuta m, n, u na i zimepangana, unaona vijiti vilivyosimama mstari mmoja, basi. Nilichoamua ni kuanza mwisho, kwenye kurasa za Kiingereza, na kurudi nyuma kwenye Kilatini.

Sababu ni hii. Mahakama za Uingereza ziliacha kuandika Kilatini mwaka 1733, kwa amri ya Bunge. Kabla ya hapo kuna kipindi kingine kifupi: mfalme Charles I alipokwisha kukatwa kichwa, Bunge liliagiza kumbukumbu ziandikwe Kiingereza, na ikawa hivyo kuanzia 1651 hadi ufalme uliporudi mwaka 1660. Nikaomba kurasa za miaka hiyo za manori ileile. Nilizisoma mpaka nikaizoea lugha ya baraza: kwenye baraza hili amekuja fulani, amerudisha kitu fulani, kwa faida ya fulani na warithi wake, kwa mapenzi ya bwana na kwa desturi ya manori. Nikiuweka ukurasa wa 1652 kando ya ule wa 1640, niliona maneno yanafuatana vilevile, lugha tu ndiyo imebadilika. Makarani hawakuwa watunzi. Ukishaijua sentensi moja, umeijua mia, na macho yanabaki na kazi ya kutafuta yale yanayobadilika: majina, ukubwa wa shamba, sharti, fedha.

Nikajiwekea utaratibu wa kunakili kwanza, herufi kwa herufi, vifupisho nikivifungua ndani ya mabano, na kutafsiri baadaye. Anayetafsiri huku anasoma huona anachotaka kukiona. Tarehe zilihitaji daftari lake. "Die Martis" ni Jumanne, si Machi. Mwaka unahesabiwa kwa utawala wa mfalme, na mwaka wa saba wa Charles I unaanza tarehe 27 Machi 1631. Juu ya hayo, mwaka mpya wao uliingia tarehe 25 Machi, kwa hiyo baraza la Februari 1631 kwao, kwetu ni Februari 1632. Sikukuu za watakatifu, angalau, seminari ilishanifundisha.

Ukurasa nilioupenda kuliko yote ni wa mwaka huo wa saba. Mzee mmoja na mkewe wamekuja barazani wakiwa hai, hawana deni, nao wanarudisha nyumba, ghala na ekari nne. Kabla ya yote, mke anahojiwa na msimamizi peke yake, mume hayupo karibu, kama anakubali kwa hiari yake. Hiyo haikuwa adabu tu: bila hilo, haki yake isingefungwa na tendo la mumewe. Kisha shamba linarudi kwao wenyewe hadi mwisho wa uhai wa atakayebaki baada ya mwenzake kufa, halafu liende kwa kijana mkubwa, kwa sharti amlipe dada yake pauni 10. Asipolipa, dada anaingia shambani. Pembeni karani ameandika kilemba: vjs. viijd., yaani shilingi 6 na peni 8, thuluthi kamili ya pauni, maana pauni ilikuwa shilingi 20 na shilingi ilikuwa peni 12. Wosia mzima umo ndani ya mistari michache, umepita barazani mbele ya majirani wote.

Kilichomgusa baba mkwe ni kingine. Kwao kulikuwa na hadithi kwamba babu mmoja aliuza malisho kwa jirani mara tatu kwa sababu ya ulevi. Mara tatu ni kweli zimo. Lakini kila moja ina maneno "sub condicione", yaani kwa sharti: akilipa pauni 21 na shilingi 12 siku ya Mtakatifu Martin, kwenye kibaraza cha mlango wa kanisa, tendo lote linabatilika. Piga hesabu: pauni 20 na riba ya asilimia 8, na asilimia 8 ndiyo iliyokuwa kikomo cha riba kwa sheria ya 1624. Ilikuwa rehani, na kila mara alilipa, maana shamba linaonekana tena mikononi mwake. Kwa hiyo ukikuta ardhi moja inahamia kwa mtu yuleyule kila baada ya miaka kadhaa, tafuta sharti kwanza, kabla hujamwita babu wa watu mlevi.