Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Bunduki na Ganda Linalogoma Kutoka

Ndugu zangu wa Tabora wakiniuliza ninafanya kazi gani huku Texas, nami nikawajibu kwamba ni fundi wa bunduki, wengi hunyamaza kidogo kabla ya kuuliza kama siogopi. Wanafikiri siku nzima nashinda kwenye milio ya risasi, ilhali muda wangu mwingi unakwisha kwenye masizi, springi zilizochoka, na kusikiliza maelezo ya wateja yasiyolingana na kile ambacho chuma chenyewe kinasema. Kwetu mwenye gobore akishafyatua hushindilia baruti tena kwa mkono, kwa hiyo likigoma sababu si nyingi. Bunduki ya nusu-otomatiki hujitwika kazi hiyo yenyewe: kila unapovuta kifyatulio hutoka risasi moja tu, kisha bunduki inalitoa ganda tupu chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa, inalitupa nje, inachota risasi nyingine kwenye magazini, kasha la risasi, na kuifunga mahali pake, yote hayo kabla hujapepesa jicho. Hatua yoyote kati ya hizo ikipungukiwa, silaha inakwama, na ikishakwama inaletwa kwangu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua karakana, iliyo nje kidogo ya Fort Worth, natoa silaha kabatini na kulinganisha namba za kila moja na kitabu cha kuandikishia silaha. Sheria ya Marekani inaniruhusu kumrejeshea mteja bunduki yake siku ileile bila kuiandika, lakini ikilala kwangu usiku mmoja lazima iingie kitabuni. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo lililoniharibia mchana wangu.

Saa moja hadi saa tatu ni za kazi nyepesi. Kulikuwa na Ruger 10/22, bunduki ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 na ambayo huku wakulima wengi wanayo. Risasi zake za .22 hupakwa nta au mafuta, na vitu hivyo vikichanganyika na masizi chemba huwa na utando mgumu, risasi inaingia nusu na ganda linang'ang'ania ndani. Niliisugua chemba kwa brashi ya shaba, nikasafisha ndoano inayovuta ganda, nikaijaribu, ikawa salama. Kijana wa Uvira anayejifunza kazi kwangu aliuliza, "Mzee, ni hiyo tu?" Nikamwambia ndiyo, mdogo wangu, mara nyingi ni hiyo tu.

Saa tatu ikafika, na mteja wa siku akaingia.

Alibeba AR-15, bunduki ya nusu-otomatiki anayoitumia kuwindia nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba, akaiweka juu ya meza na kusema kwamba haifanyi kazi. Nilitoa salamu, nikavuta nyuma bolti, kile chuma kinachofunga chemba, nikatazama ndani na kuingiza kidole kidogo kuhakikisha haina kitu, kwa sababu hakuna mazungumzo yanayoanza kwenye meza yangu kabla ya hapo. Nilipouliza inakwama vipi, alijibu kwamba inakwama tu. Nilipouliza ganda hubaki chemba, hubanwa kwenye mlango wa kutokea maganda, au hutoka vizuri lakini risasi inayofuata haiingii, alinitazama kama mtu anayepotezewa muda. Kwa fundi hayo ni magonjwa matatu tofauti. Ganda likibaki chemba, natuhumu ndoano, springi yake, au uchafu wa chemba. Likibanwa mlangoni limesimama wima, natuhumu bolti iliyorudi bila nguvu ya kutosha au kile kipini chenye springi usoni mwa bolti kinachosukuma ganda nje. Risasi isipochotwa, natazama magazini, halafu narudi tena kwenye nguvu ya bolti.

Badala ya jibu, alinipa historia ya manunuzi yake. Alikuwa ametazama video mtandaoni, akabadilisha ndoano, akaongeza pete ya mpira chini ya springi yake, akaweka springi ngumu zaidi ya kurudishia bolti na bafa, ule uzito unaoipokea bolti inaporudi nyuma, zito kuliko lile la awali. Kila tiba ilifuata nyingine kabla hajajua ugonjwa. Nikamwomba magazini na risasi anazotumia. Hakuja nazo. Nyumbani kwake ni mwendo wa saa nzima kwa gari, na nilipomshauri aiache bunduki hadi kesho, alikataa katakata kwa sababu hakutaka namba yake iandikwe kitabuni. Akaenda kuzifuata, nasi tukabaki na bunduki isiyo na shahidi.

Hapo ndipo sehemu ninayoipenda ilipoanza, na naomba nieleze kwa utaratibu. Muundo huu ulibuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950. Risasi ikipita mtutuni, kiasi kidogo cha gesi hutoka kwenye tundu, hupita kwenye bomba jembamba hadi kwenye mdomo wa chuma uliofungwa juu ya kibebeo cha bolti kwa skrubu mbili, na gesi hiyo ndiyo inayosukuma kila kitu nyuma. Ndani ya kibebeo kuna pete tatu zinazozuia gesi isivuje. Nilivuta kichwa cha bolti mbele, nikasimamisha kibebeo mezani kikiegemea kichwa hicho; pete zikiwa zimechakaa, kibebeo huteremka chenyewe kwa uzito wake. Hakikuteremka. Ndoano mpya ilikuwa nzima, na kipini cha kutupia ganda kilikuwa kikirudi vizuri. Kisha nikauona wino mweusi wa masizi umetambaa chini ya ule mdomo wa gesi, mahali ambapo vyuma viwili vinapaswa kukutana bila kuacha upenyo. Kiwandani, chuma kilicho pembezoni mwa vichwa vya skrubu hugongwa kwa panchi ili kizibane zisilegee. Hapa kiligongwa kidogo sana, na skrubu moja ilizunguka kwa nguvu ya vidole.

Gesi ilikuwa ikivuja, kwa hiyo bolti ilirudi nyuma nusu ya safari. Mwenyewe aliiongezea springi ngumu na bafa zito, yaani alimwongezea mzigo mgonjwa aliyekwisha kuishiwa nguvu.

Ningeweza kufunga skrubu hapohapo na kumaliza, lakini ukirekebisha kabla ya kuuona ugonjwa ukitokea mbele yako huwezi kujua kama uliokuwa ukiurekebisha ndio uliokuwapo. Tukamngoja. Saa sita na nusu akarudi na magazini tano na mfuko mmoja wenye risasi za kila aina: za ganda la shaba ya njano, za ganda la chuma, na nyingine zilizojazwa upya na jirani yake. Shaba hutanuka risasi inapolipuka, ikaziba chemba, kisha hunywea na kuachia. Chuma hakinywei vizuri hivyo. Nilizitenga zote, nikachukua risasi mpya za kiwandani kutoka kwenye akiba yangu. Yeye alitaka kujua kwa nini risasi zake hazifai, nikamweleza. Akauliza tena, nikamweleza tena.

Nyuma ya karakana kuna tuta la udongo tunalojaribia. Jua la Julai huku halina adabu, na ukivaa miwani na vizuia sauti masikioni jasho linakosa pa kupita. Jaribio la kwanza ni dogo: weka risasi moja tu kwenye magazini, fyatua, uone kama bolti itabaki wazi nyuma, kama inavyopaswa magazini ikiisha. Haikubaki. Ganda lilianguka karibu na kisigino changu, wakati ganda la bunduki yenye afya hurushwa kulia na nyuma kidogo, hatua kadhaa mbali. Kijana wangu alichora duara kwa chokaa mahali kila ganda lilipodondokea, na kufikia la tatu hata mteja alinyamaza.

Tukarudi ndani. Niliufungua mdomo wa gesi, nikasafisha nyuso zote mbili, nikaweka skrubu mpya na kuzikaza kwa spana ya kupimia nguvu, kati ya nyutoni-mita 6 na 7, kisha nikabana kibebeo kwenye jiliwa na kugongea chuma pembezoni hadi kikazishika. Nikarudisha springi na bafa la awali, ambavyo kwa bahati alikuwa navyo ndani ya gari. Tulipotoka nje tena bolti ilibaki wazi kila mara na maganda yakaruka yanakotakiwa, na nilidhani nitakula.

Ndipo risasi mbili zikajaribu kuingia chemba kwa pamoja.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Najua kivuli cha tuta kilikuwa kimefika kwenye meza. Mteja alisema, "Nilijua hujaitengeneza." Nikatoa magazini, nikaondoa risasi zote, nikaandika namba kwenye kila magazini na kuzijaribu moja baada ya nyingine, kazi ya kuchosha kuliko zote kwa sababu haina ujanja wa kuifupisha. Nne zilikuwa safi. Ya nne kwa namba ndiyo iliyorudia kosa, na nilipoipima pembeni ya nyingine, midomo yake ilikuwa imepanuka kiasi cha kuachia risasi kabla ya wakati. Bunduki haikuwa na hatia. Mwenyewe alikataa kuitupa kwa kuwa bado ilionekana mpya. Nikaichora msalaba mwekundu.

Hapa ndipo watu hukimbilia kusema kwamba muundo wa Stoner ni mbovu tangu Vietnam. Nayajua malalamiko hayo. Baruti ilibadilishwa, chemba hazikupakwa kromu, vifaa vya kusafishia vikawa haba, maganda yakawa yanang'ang'ania ndani hata askari wakayasukuma kwa fimbo kupitia mdomo wa mtutu, na mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ikachunguza. Waliokosea walikuwa watu waliobadilisha kitu kimoja bila kutazama kingine, na mteja wangu alifanya vilevile kwa fedha zake mwenyewe.

Bei ilimkasirisha. Kwake yeye nilikuwa nimekaza skrubu mbili. Nilimwonyesha maduara ya chokaa, kibebeo, na magazini zenye namba, nikamwambia kwamba kukaza kulichukua dakika chache na kujua pa kukaza ndiko kulikochukua siku. Alilipa, akanipa mkono bila kunitazama, akaondoka na bunduki yake kabla ya usiku, kitabu changu kikiwa hakina jina lake.

Tulinawa mikono hadi viwiko kwa sabuni ya kuondolea ledi, yale madini ya risasi yasiyopaswa kufika kwenye chakula, tukavua nguo za kazi palepale, kisha tukala wali wa asubuhi uliopoa. Mgongo ulikuwa umekataa kunyooka. Saa mbili usiku, niko njiani kurudi nyumbani, ukaingia ujumbe wa mteja: ameona video ya kifaa cha kurekebisha kiasi cha gesi, je, akiagize? Nilipofika nilimjibu kwamba asiagize kitu, atumie bunduki ilivyo mpaka amalize boksi moja la risasi za kiwandani, na ile magazini yenye msalaba asimwazime mtu.