Saa ya Mama

Kwenye fomu ya safari kulikuwa na kisanduku kimoja tu kilichotugombanisha: chakula cha jioni. Kikao cha kwanza saa kumi na mbili, kikao cha pili saa mbili na robo, au muda wowote upendao. Mama alikaa pembeni yangu, miwani imemshuka puani.

"Weka saa mbili na robo," akasema. "Tujue moja."

Nikaweka muda wowote.

Ilikuwa Septemba 2018. Mama alikuwa ametimiza miaka 70, na sisi wanawe tukachanga tumpeleke kwenye meli ya kitalii, usiku saba, kutoka Civitavecchia, bandari ya Roma, mpaka visiwa vya Ugiriki na kurudi. Mimi ndiye niliyetumwa kumsindikiza, na kwa kuwa nilitumwa nikajifanya mjuzi. Nilikuwa nimesoma sana. Nikamweleza kwamba zamani kila abiria alipangiwa meza yake na saa yake, kwa sababu ukumbi mkuu haubebi watu wote kwa mpigo: nusu wanakula, wanatoka, vitambaa vinabadilishwa mbiombio, nusu ya pili wanaingia. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line wakaanza kuwaacha watu wale saa wanayotaka na mahali wanapotaka, na kampuni nyingine zikafuata, kila moja na jina lake la kuvutia. Na wala migahawa ya kulipia kando ya ukumbi mkuu si jambo la juzi, nikaendelea. Meli ya Kijerumani Amerika ilikuwa na mgahawa wa namna hiyo mwaka 1905. Titanic nayo ilikuwa nao.

"Tuko majini," Mama akasema, "unanitajia Titanic."

Jioni ya kwanza nilikuta kwamba muda wowote, kwa abiria wote wa meli ile, ni saa moja na nusu. Foleni ilianzia mlango wa ukumbi, ikapita mbele ya duka la saa na manukato, ikapinda kwenye ngazi. Dada wa mlangoni akanipa kifaa kidogo cha plastiki na kuniambia kitatetema meza ikipatikana. Tukakaa kwenye kochi, Mama amekishika mkononi kama kifaranga. Dakika arobaini. Kilipotetema alishtuka, kikadondoka na kuingia uvunguni mwa kochi, na mimi nikapiga magoti na suti yangu mpya kukitafuta huku kikiendelea kuwakawaka huko gizani.

Mhudumu alikuwa mchangamfu. Nikamweleza kwamba Mama ana mzio wa kamba na jamii yake yote, akaandika, akaenda kumuuliza mpishi, akarudi. Sawa. Jioni ya pili tukapata meza nyingine, mhudumu mwingine, na maelezo yakaanza upya: kamba, kambakochi, kaa, hata mchuzi uliopikwa navyo. Huyu hakuelewa mara moja. Mama alikula mkate na saladi, akasema ameshiba. Nilijua hajashiba. Na onyesho la ukumbi wa michezo, ambalo nalo lilikuwa na awamu mbili zilizopangwa kufuata vile vikao viwili, tulilikuta limefika katikati. Wenye saa zao walikuwa wameketi zamani.

Basi kwa jioni ya tatu nikaamua kufuta aibu. Tulikuwa tumeondoka Messina, siku nzima ni bahari tu, nikaweka nafasi kwenye mgahawa mmoja wa kulipia, sitaha ya juu kabisa, meza ya watu wawili dirishani, saa moja na nusu. Kwenye maelezo nikaandika habari ya mzio kwa herufi kubwa.

Asubuhi ya siku hiyo Mama aliniambia ni saa tatu. Nikatazama simu: saa mbili. Nikamwambia saa yake inakimbia. Ile saa ni ya kujaza kwa mkono, kioo kina mkwaruzo unaokatiza kwenye nane mpaka kumi, mkanda wake wa ngozi umebadilishwa mara nyingi kuliko ninavyojua. Akaitazama, akaipeleka sikioni, hakusema kitu.

Tukapanda kwenye bufe, tukanywa chai. Bufe haikuulizi umechelewa au umewahi. Milo inabadilishwa taratibu, mayai yanaondoka, supu zinakuja, nawe unanawa mikono mlangoni mbele ya kijana anayekuimbia unawe, unachukua sahani. Tungekuwa watu wa kikao, mtu angetuambia. Siku ile tulielea tu.

Jioni akaniuliza, "Baba, hatujachelewa?"

"Bado saa nzima, Mama."

Baada ya muda akauliza tena. Nikamjibu vilevile, na safari hii sauti yangu ilikuwa na kaukali ambako mpaka leo nikikakumbuka najikuna kichwa.

Tulifika kwenye mgahawa simu yangu ikisoma saa moja na dakika ishirini na tano. Kijana wa mapokezi akapekua orodha, akapekua tena, akaniangalia kwa huruma ile ya watu waliofundishwa kuhurumia wageni. Nafasi yetu ilikuwa ya saa moja na nusu, ndiyo. Sasa ni saa mbili na dakika ishirini na tano. Meza imeshapewa wengine, na kwa kuwa hatukutokea wala kufuta nafasi, fedha imekwisha kukatwa kwenye akaunti ya chumba.

Usiku wa kuamkia siku ile saa za meli zilikuwa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kwa sababu Ugiriki iko mbele ya Italia. Kadi ya kutuarifu iliwekwa juu ya mto. Mimi niliitumia kuwekea alama kitabu changu. Simu yangu, huko baharini bila mtandao, ilibaki Italia. Mama alielezwa na kijana anayetandika chumba, akarekebisha saa yake kabla ya kulala.

Hakuniambia lolote pale mlangoni. Alinyoosha mkono, akasukuma mkono wa gauni nyuma kidogo, akanigeuzia saa niione. Kisha akafunika.

Ukumbi mkuu kwa upande wetu wa muda wowote ulikuwa na foleni ya zaidi ya saa nzima. Bufe walikuwa wanakusanya vyombo. Tulipata supu ya boga, mkate, na kipande cha keki kilichokauka kingo. Mama akachovya mkate, akala taratibu.

"Kesho uende kwa yule mkubwa wao," akasema. "Mwambie atupe meza moja."

Nilimkuta msimamizi wa ukumbi saa nne asubuhi, ana karatasi kubwa ya ramani ya meza na penseli. Nilitegemea maneno mengi. Alifuta jina, akaandika letu: kikao cha pili, meza ya watu sita karibu na tezi, nyuma kabisa ya meli, ambako dirisha lote ni povu jeupe la maji yanayoachwa nyuma na sakafu inatetemeka kwa mbali. Ilimchukua muda mfupi kuliko nilioutumia mimi kuweka nafasi kwenye simu.

Mhudumu wa meza ile aliandika habari ya mzio mara moja tu. Kuanzia hapo kila usiku, tukimaliza, alimletea Mama menyu ya kesho achague mapema, jikoni wajue. Wenzetu mezani walikuwa wanandoa wawili wazee. Hawakuwa na lugha moja na Mama ila maneno machache, lakini walicheka sana, sijui kwa lipi. Usiku wa kambakochi, kila mtu aliletewa mkia mwekundu uliopasuliwa katikati, na kabla Mama hajafungua mdomo sahani yake ilikuwa imeshatua: samaki mweupe, viazi, maharage mabichi. Akamtazama yule kijana kama anavyotutazama sisi tukifaulu mtihani.

Jioni ya mwisho nikapata habari kwamba ule mgahawa wa juu una nafasi, saa mbili kamili, dirishani. Nikamwambia Mama, na kwamba safari hii nimeangalia saa ya ukutani.

Alikuwa mbele ya kioo, anafunga kitambaa shingoni. Mezani kulikuwa na bahasha ya bakshishi, ameandika jina la yule mhudumu kwa mwandiko wake wa kulala upande.

"Nenda tu wewe, mwanangu," akasema. "Mimi nina watu wananisubiri."

Ilikuwa saa mbili kasorobo. Nikavaa koti, nikamfuata.