Jinsi nilivyozuia maji kuingia chini ya bashi

Juzi usiku mvua ilinyesha hapa Goma hadi alfajiri, na kwa mara ya kwanza niliamka mkavu chini ya bashi (turubai) yangu. Naandika upesi kwa ajili ya wenzangu wanaolala nje kando ya Ziwa Kivu.

Shida ilikuwa hii: bashi haina tundu hata moja, lakini blanketi lilikuwa linalowa upande wa kichwa. Nilikaza kamba, nikaiinamisha bashi zaidi, nikanunua hata nyingine. Bure. Vigingi navyo havikuingia kwenye lava ya 2002, mwamba mgumu uliomwagwa na volkano ya Nyiragongo, nikafunga kona kwenye mawe mazito. Hilo lilikubali mara moja.

Usiku mmoja nikawasha tochi, nikaifuata kamba ya katikati, ile inayotoka mtini na kupita chini ya bashi. Maji yalikuwa yanatembea juu yake mpaka ndani, tone kwa tone!

Nikafunga uzi wa pamba, urefu wa kiganja, kwenye kamba hiyo, nje kidogo ya ukingo wa bashi, ncha ikining'inia. Maji yakifika hapo yanashuka na uzi hadi chini. Uzi uwe wa pamba: wa nailoni niliojaribu kwanza uliteleza kamba ilipolowa. Funga miwili, mmoja upande wa kila mti.