Sumu ya Nyuki kama Tiba ya Mzio wa Nyuki

Katika familia yetu, ambayo tangu enzi za babu imeishi kwa asali na nta katika misitu ya miombo ya mkoa wa Tabora, kuna imani ambayo hakuna anayeihoji: mtu akidungwa na nyuki mara nyingi, mwili wake huzoea. Ndiyo maana baba mdogo, aliposikia kwamba nimepoteza fahamu huku Uingereza baada ya kudungwa na nyuki mmoja tu, alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, umekaa mno mbali na mizinga. Rudi nyumbani wakudunge kidogo kidogo, utapona." Ninaandika kuhusu tiba ninayoipata sasa kwa sababu ushauri ule una ukweli ndani yake na pia una hatari ya kifo, na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kipimo.

Mzio wa nyuki hauanzi siku mtu anapoanguka. Sumu ya nyuki ina protini kadhaa, na mojawapo inayowasumbua wengi ni kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2. Kwa baadhi ya watu, mdungo mmoja hutosha kuufanya mfumo wa kinga utengeneze kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini hizo, nazo hujishikiza juu ya seli za masti, yaani seli za kinga ambazo zimetapakaa kwenye ngozi, njia ya hewa, utumbo na kandokando ya mishipa ya damu. Mwenyewe hahisi chochote, na huenda miaka ikapita. Akidungwa tena, sumu huziunganisha IgE hizo pale zilipo, na seli za masti humwaga kwa pamoja histamini na kemikali nyingine: ngozi huwasha mwili mzima, koo huvimba, mirija ya pumzi hubana, mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, na shinikizo la damu huporomoka. Hali hiyo huitwa anafilaksisi, na inaweza kuua katika muda usiozidi nusu saa. Mkono kuvimba hadi kwenye kiwiko ni jambo jingine. Unatisha na unauma, lakini peke yake kwa kawaida si sababu ya kupewa tiba ninayoieleza hapa.

Tiba yenyewe, ambayo madaktari huiita imunotherapi ya sumu, humdunga mgonjwa sumu ileile iliyomwangusha. Huanza na kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya sehemu ya kumi ya mikrogramu moja, na kiasi hicho huongezwa hatua kwa hatua hadi kufikia mikrogramu 100, ambazo ni takriban sumu ya nyuki wawili. Kuna hospitali zinazopandisha kipimo kila wiki kwa miezi kadhaa, na kuna zinazomlaza mgonjwa na kukipandisha kwa siku chache tu. Mapema kabisa, seli za masti huanza kuwa nzito kuchokozeka. Baadaye huongezeka seli nyingine za kinga, seli za T zenye kazi ya kutuliza, ambazo hutoa kemikali iitwayo intalukini-10, na chini ya usimamizi wake mwili huanza kutengeneza kingamwili za aina nyingine, IgG4. Hizi huzunguka katika damu na kuinasa sumu kabla haijazifikia IgE zilizokaa juu ya seli za masti, kama mlinzi anayempokea mgeni getini badala ya kumwacha agonge mlango wa chumbani. IgE zenyewe haziondoki haraka. Mwanzoni huweza hata kuongezeka, kisha hupungua polepole kwa miaka.

Hapa ndipo baba mdogo anapokuwa na hoja. Wafugaji wa nyuki wanaodungwa mara nyingi sana, mara 200 au zaidi kwa mwaka, huwa na IgG4 nyingi dhidi ya sumu, na kwa kawaida hawapati anafilaksisi. Lakini wenzao wanaodungwa mara chache tu kwa mwaka ndio wenye hatari kubwa zaidi, maana midungo hiyo michache inatosha kuuchokoza mwili na haitoshi kuutuliza. Nyuki wa mzingani hapimi dozi. Kwa mtu ambaye tayari ana mzio, nyuki wa kwanza anaingiza kwa mara moja kiasi ambacho kliniki ingekifikia baada ya hatua nyingi, tena porini, bila adrenalini, dawa ya dharura ya anafilaksisi, na bila daktari.

Wataalamu wenyewe walichelewa kukubali kwamba dawa ni sumu. Sindano za kuuzoesha mwili zilianza mwaka 1911, Leonard Noon alipochapisha kazi yake ya kuwadunga wagonjwa wa London chavua ya majani. Kwa wadudu, hata hivyo, kwa miongo mingi wagonjwa walipewa rojo la mdudu mzima aliyesagwa, lenye sumu kidogo mno. Daktari Mary Loveless wa New York aliona kasoro hiyo. Katika miaka ya 1950 alikuwa akipasua nyigu mwenyewe, akitoa vifuko vyao vya sumu na kuwatibu wagonjwa kwa sumu hiyo, lakini wengi hawakumfuata. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1978, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipowalinganisha wagonjwa na kisha kuwadungisha kwa mdudu hai chini ya uangalizi. Kati ya 18 waliotibiwa kwa sumu, mmoja tu alipata mzio wa mwili mzima. Kati ya 11 wa rojo la wadudu, 7. Kati ya 12 waliopewa sindano isiyo na dawa, 7. Kwa maneno mengine, rojo lile halikuwa na faida yoyote. Mwaka uliofuata sumu iliidhinishwa nchini humo. Ninawafikiria sana watu waliopewa rojo lile, wakarudi bustanini kwao wakiamini wamekingwa.

Siku ya sindano, muuguzi hunipima shinikizo la damu, hunitaka nipulize kwa nguvu kwenye mrija wa kupimia pumzi, kisha huniuliza kama nina mafua au kama nimeanza dawa mpya. Swali la dawa si la adabu tu: baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kundi la vizuizi vya beta (beta-blockers), huweza kuifanya adrenalini isifanye kazi vizuri. Sindano yenyewe ni nyembamba, huingia chini ya ngozi nyuma ya mkono, na kwa muda mfupi huchoma kwa namna ambayo mtoto yeyote wa Tabora angeitambua. Panabaki uvimbe mwekundu unaowasha, nami hukaa palepale kliniki mpaka muda wa uangalizi uishe, kwa sababu hatari kubwa ni katika nusu saa ya kwanza.

Baada ya kufikia mikrogramu 100, sindano hutolewa kila baada ya wiki 4, kisha 6, na baadaye hata 8, kwa miaka 3 hadi 5. Kwa sumu ya nyigu, zaidi ya watu 9 kati ya 10 hukingika. Kwa nyuki ni takriban 8 kati ya 10. Wenye ugonjwa wa mastositosi, yaani wingi usio wa kawaida wa seli za masti, mara nyingi hushauriwa waendelee maisha yao yote, na ndiyo maana kipimo cha triptasi, kemikali itokayo kwenye seli za masti, katika damu hufanywa kabla ya kuanza.

Sumu iliyosafishwa kwa ajili ya tiba hii haipatikani kirahisi kwetu, lakini adrenalini ipo na bei yake ni ndogo. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, kwenye msuli wa paja upande wa nje, naye alazwe chali na asisimamishwe. Kidonge cha mzio hakiwezi kuchukua nafasi yake. Baba mdogo nimemwomba jambo moja: warinaji wake wasipande mtini bila kujua zahanati ya karibu yenye dawa hiyo ni ipi, na yeyote aliyewahi kuanguka baada ya kudungwa apewe kazi ya kukamua nta, mbali na mizinga.