Siku moja na sebule iliyoinuka Tabata

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi, chapati moja, begi mgongoni. Simu ya jana usiku ilikuwa fupi: "Fundi, sakafu imepasuka yenyewe. Tulikuwa tunakula, tukasikia puu!"

Saa 2. Nafika Tabata. Vigae viwili vya sentimita 60 kwa 60 vimeegemeana katikati ya sebule kama kibanda cha kuku. Jirani ameshasema ni mambo ya watu. Natoa sarafu ya shilingi 200, nagonga kimoja kimoja. Kilichoshika kinajibu kwa mlio mzito wa mkato. Kilichoachia kinalia kama debe tupu. Nachora chaki. Vilivyosimama ni viwili, vyenye chaki 14.

Saa 3. Nang'oa sketing, vile vipande vya chini ya ukuta, upande wa dirisha. Kigae kimebanana na ukuta, hata njiti ya kiberiti haipiti, na kati ya kigae na kigae hakuna spesa, ile nafasi ndogo inayoachwa makusudi. Dirisha linatazama magharibi, jua la alasiri lote linaishia sakafuni. Kigae kikipata joto hutanuka, kiduchu tu, ila sebule nzima ikisukumana na kuta zimekaza, pa kutokea ni juu.

Saa 4. Nageuza kigae cha kwanza. Mgongo msafi kama umetoka kwenye boksi jana, una alama tano za mviringo: madonge manne pembeni, moja katikati, saruji na mchanga. Kwingine kote hewa. Nisimseme sana mwenzangu, mimi pia nilifundishwa hivyo. Mwalimu wangu alikuwa analoweka vigae kwenye pipa kabla ya kubandika. Seramiki za zamani zilinywa maji, ilisaidia. Poseleni kama hii hainywi karibu chochote, kuiloweka ni kuiogesha tu. Saruji tupu haipati pa kushika. Poseleni inataka gundi yake.

Mpaka saa 7 ni tindo na vumbi. Saruji ya zamani yote inatoka, nafagia, napitisha sponji yenye maji. Mama wa nyumba anauliza kama siwezi kumimina uji wa saruji kwenye nafasi, yaishe. Wapo wanaofanya. Mimi siwezi kuahidi kitakaa.

Saa 8. Wali maharage.

Saa 9. Maji kwanza, ndipo unga wa gundi. Nakoroga, naacha dakika kama 5, nakoroga tena. Mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote uelekeo mmoja, na mgongo wa kigae naupaka gundi nyembamba. Cha kwanza nakigonga kwa nyundo ya mpira, halafu nakibandua! Kijana wangu ananuna, lakini gundi imeenea mgongo mzima, ndicho nilichotaka kuona. Spesa za milimita 3. Ukutani naacha upenyo, hauingii grauti, lile rojo la kuziba mianya ya vigae; sketing itauficha. Viwili vilivyovunjika, mama alikuwa na akiba stoo. Shukrani kwake, maana boksi jipya mara nyingi rangi haifanani.

Saa 11 jioni. Naondoka. Grauti kesho, asikanyage mtu.

Saa 2 usiku, simu. "Fundi, sofa nirudishe?"

"Bado, mama, mpaka grauti ikauke."

"Basi baba yao ameshakanyaga kimoja."

"Kimeshuka?"

Kimya. "Kidogo."