Mwajiriwa wa kwanza, mwaka wa giza

Aliyekuwepo Unguja Disemba 2009 hahitaji kukumbushwa. Waya wa chini ya bahari uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara, uliolazwa mwaka 1980, ulileta hitilafu, na kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Mwaka 2008 tulishakaa kama mwezi mmoja katika hali hiyo hiyo, lakini safari hii watu walichoka hasa. Maji hayatoki kwa kuwa pampu hazina umeme, watu foleni visimani na ndoo, na vichochoro vya Mji Mkongwe vinanguruma jenereta hadi usiku wa manane.

Mimi nilikuwa na ofisi ndogo Mlandege. Tulihudumia kompyuta za gesti, maduka ya dawa, skuli za binafsi na mawakili wawili watatu. Nasema "tulihudumia", lakini mwajiriwa sikuwa naye. Mteja akinipigia, nami nampigia fundi. Akimaliza analipwa kwa kazi ile, mimi nabaki na changu. Kaka yangu, ambaye mtaji ulitoka kwake, hakutaka kusikia habari ya mishahara. "Kazi ikiwepo unamwita, isipokuwepo hana anachokudai," ndivyo alivyokuwa akiniambia. Na kwa biashara inayoegemea utalii, hoja hiyo si ya kupuuzwa. Masika ikishapiga, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango kabisa. Mshahara haujui masika.

Umeme ulipokatika kaka alidhani kazi zitakufa. Zikazidi. Kompyuta zilikuwa zinaungua mji mzima, na simu yangu haikunyamaza. Taabu ikawa mafundi: wote walishakwenda kufunga jenereta na inveta kwenye mahoteli, ambako malipo yalikuwa mazuri kuliko yangu. Siwalaumu hata kidogo. Anayelipwa kwa kazi huifuata kazi inayolipa, na mimi sikuwa na haki ya kumwambia mtu abaki.

Kulikuwa na gesti moja Malindi, mwenyewe bibi mmoja mkali wa hesabu. Kompyuta yake ya mapokezi ilishaungua pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia umeme, mara mbili. Mara zote mbili alikwenda fundi, akabadilisha, akalipwa, akaondoka. Alibadilisha vizuri, sina la kusema. Ila hakuna aliyemlipa aulize kwa nini inaungua.

Ya tatu ilipoungua, fundi hapatikani. Nikamchukua kijana mmoja wa Jang'ombe, aliyekuwa akinifanyia kazi ndogo ndogo, naye kwa malipo ya kuitwa. Tukaenda kwa Vespa. Nilitegemea afungue kompyuta. Hakuigusa. Aliiona UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, imewekwa kando, haikuchomekwa popote, akamuuliza bibi kwa nini.

"Inapiga kelele mchana kutwa, mwanangu. Wageni hawalali."

Kijana akaichomeka tena, akatoa mita yake, akaingiza ncha kwenye soketi, akakaa kwenye ngazi kusubiri. Jenereta ilikuwa ndogo, iko uani karibu na kisima. Kwa muda mita ilisoma karibu na 230, imetulia. Kisha pampu ya kisima ikawashwa kupandisha maji darini. Jenereta ikaguna kama mtu aliyebebeshwa gunia, taa zikafifia, namba kwenye mita zikaporomoka, na UPS ikaanza kulia. Pampu ilipozimwa, namba zikaruka juu kupita kiasi kabla ya kutulia.

Akatueleza taratibu. Pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko ikishakwenda. Jenereta ndogo hulemewa, mwendo wake hushuka, volti na hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, zikashuka nazo. UPS inauona umeme huo mbovu, inaukataa na kuhamia kwenye betri, na betri haipati nafasi ya kujaa. Ndiyo maana inalia. Ilipoondolewa, kelele zikaisha, lakini kompyuta ikawa inakula moja kwa moja kila mruko wa jenereta.

"Bibi, jaza tangi alfajiri, kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Pampu ikishazimwa ndiyo uchomeke, na UPS yake. Hutatuita tena kwa hili."

Hutatuita tena. Kijana analipwa kwa kuitwa, na amemwambia mteja namna ya kutomwita! Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalifikiria hilo. Kwa utaratibu wetu, kila akisema kweli anajikosesha riziki, na kila akinyamaza analipwa.

Nikamwambia kaka kwamba namwajiri. Akaniona nimerukwa na akili, kuajiri katikati ya giza! Tulibishana sana, mpaka nikamwonesha daftari: pesa ambazo bibi wa Malindi alishatulipa kwa tatizo ambalo hatukuliondoa. Kaka ni mtu wa dini. Alilitazama daftari kwa muda, kisha akasema, "Basi mlipe. Lakini na wateja wabadilishe malipo."

Hapo alinizidi. Mshahara wa mwezi unataka pato la mwezi. Tukaanza kuwatoza wateja ada ya mwezi, kompyuta iharibike isiharibike, ili faida yetu iwe katika uzima wake. Bibi alikuwa wa kwanza kukubali, baada ya kunishusha bei. Wengine walikataa, nikawaacha.

Kijana nilimwandikia mkataba, nikamwandikisha ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Kabla ya kutia saini aliuliza, "Kaka, na umeme ukirudi?" Nikamjibu kwamba karatasi haikutaja umeme popote, aisome tena. Akaisoma yote, ndipo akasaini.

Kazi za kutoa nje hazikuisha. Kulaza nyaya za mtandao kwenye jengo jipya tunawapa mafundi wa nje mpaka leo, kwa sababu kazi hiyo ina mwisho na inaonekana kwa macho. Hadi diski iliyokufa na data za mtu ndani yake tunaivusha kwa boti kwenda Dar es Salaam, maana vifaa vya kuifungua hatuna. Lakini mlango wa mteja, anayeugonga ni mtu wetu.

Baadaye nilitafuta mwajiriwa wa pili, nikampata binti aliyesoma Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni. Usaili aliufanya yule kijana, kwa mita yake na jenereta ya jirani.